Kwa Nini Mama Alipenda Nyimbo za Kubembeleza

Niliporudi Nairobi kutoka Uingereza, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa na suti mbili, koti zito la baridi ambalo sikulivaa tena, na diploma ya uhandisi wa redio na sauti. Katika vichochoro vya nyuma ya River Road nilikozaliwa, hakuna kijana aliyekuwa ameleta karatasi kama ile kabla yangu. Sikupelekwa na serikali wala sikulipiwa na mjomba. Nilikwenda kwa jasho langu, nikaosha vyombo vya hoteli mchana na kusoma jioni, na nilipotunukiwa ile diploma nilijipigia makofi mwenyewe kwa sababu ukumbini hapakuwa na mtu wangu.

Nikapata kazi katika duka kubwa la redio na santuri katikati ya jiji. Mwenye duka aliniajiri nitengeneze mashine, lakini haukupita muda akanihamishia mbele kwa wateja, maana aliona nina kipaji kingine. Palikuwa na chumba kidogo cha kusikilizia, kuta zake zimefunikwa mbao zenye matundu ili sauti isitoke nje, na humo mteja aliketi kwenye kiti cha ngozi akasikiliza santuri kabla ya kuinunua. Mimi nilimtazama mtu anavyoingia mlangoni, anavyovua kofia, anavyowaangalia wengine au anavyowakwepa, kisha nikaenda rafuni kumletea santuri ambayo bado hajaitaja. Mara nyingi nilipatia.

"Wewe bwana ni mchawi," aliniambia siku moja dereva wa mkubwa fulani serikalini, mtu mnene aliyekuja kila akipata mshahara. "Mimi sijafungua mdomo, na hii ndiyo kitu nilikuwa nataka."

"Si uchawi, ni elimu."

"Elimu gani? Ya kusoma uso ya mtu?"

"Ya sauti. Mtu ni kama spika, mzee. Umbo lake ndilo linaloamua mlio wake."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika, lakini siku ya pili nilimsikia mlangoni akimweleza mwenzake habari za spika kama kwamba yeye ndiye aliyezigundua.

Nadharia yangu ilikuwa nyepesi, na niliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mwenye haraka hupenda muziki wa haraka. Mpole hupenda wa polepole. Mwenye kujiona hupenda tarumbeta. Hali ya moyo ya siku hiyo, furaha au uchungu, niliilinganisha na kile kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti: kinaweza kuukuza muziki au kuufifisha, lakini stesheni haihami. Bibi mmoja wa Kizungu kutoka Spring Valley, aliyekuja na mbwa wawili na kuwakemea kwa lugha ya kijeshi, nilimpa muziki wa gwaride kabla hajaketi, naye akaununua bila hata kuusikiliza wote. Mwenye duka akanipa mkono mbele ya watu.

Walikuwepo wasioingia katika nadharia hiyo. Palikuwa na karani wa benki, kijana mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ilinibidi niiname ndipo nimsikie, na huyo hakutaka kitu ila ngoma na matarumbeta, sauti imefunguliwa hadi mwisho, amefumba macho na magoti yanamcheza. Palikuwa na afisa wa polisi, jitu la miraba minne, aliyenunua nyimbo za kubembelezea watoto na hakuwa na mtoto. Niliwahesabu kuwa ni mikwaruzo. Santuri yenye mkwaruzo, nilijiambia, bado ni santuri, na wimbo unasikika.

Na mimi mwenyewe nilikuwa mkwaruzo, ila sikumwambia mtu. Watu waliponiuliza kule Uingereza nilisikiliza nini, niliwatajia okestra kubwa zenye vinanda na zumari za fedha. Kweli nilizisikiliza, nikiwa na wenzangu wa chuo. Lakini Jumapili alasiri, chumbani peke yangu, niliisogeza sindano ya redio taratibu kwenye mawimbi mafupi, nikitafuta udi na fidla kutoka pwani yetu, vikija na kupotea katikati ya mvumo kama mtu anayeongea akiwa upande wa pili wa mto. Nilikaa nimevaa koti, sikio kwenye kitambaa cha spika. Mtu anayejisifu kuwa hakuhitaji msaada wa yeyote alikuwa akipenda muziki wa mtu anayelilia kwao.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu alikuwa mkali. Alizaliwa Mombasa, akaletwa Nairobi na baba aliyekuwa na duka la vitambaa, na baba alipofariki akaliendesha duka mwenyewe. Wateja walipatana naye bei wakiwa wamesimama karibu na mlango. Sikuwahi kumsikia akisema samahani. Akikukanyaga mguu, alikuuliza kwa nini umeuweka pale. Kwa nadharia yangu, mwanamke wa namna ile alipaswa kupenda nyimbo za vijembe, zile za taarabu zenye maneno ya kuchoma. Lakini hakuzitaka kabisa. Alipenda nyimbo za kubembeleza, zile za polepole ambazo mtu anajishusha, anaomba asamehewe, anamsihi aliyeondoka arudi. Redio ikipiga wimbo kama huo, mama aliacha kukata kitambaa. Mkasi ulibaki wazi mkononi mpaka wimbo uishe, na mteja aliyekuwa anangoja alijua asiseme neno.

Mdogo wake, mama mdogo wangu, alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alikaa Pangani. Hakujaaliwa mtoto, na kwa sababu hiyo alinilea nusu ya utoto wangu: nikitoka chuoni kusoma Kurani nilipitia kwake nikala mahamri kabla ya kwenda nyumbani kula tena. Alikuwa mpole wa kupindukia. Muuza samaki akimpa samaki aliyeoza, alimzika uani badala ya kumrudishia mwenyewe. Na huyo ndiye aliyependa vijembe. Kila neno lenye ncha lilipotoka redioni alipiga makofi. "Mpe! Mpe huyo, usimwache!" aliiambia redio, machozi ya kucheka yakimtoka, na mimi mtoto nilijiuliza huyo anayepewa ni nani.

Nilipokuwa ng'ambo, bibi yetu, mama yao, alifariki Mombasa. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza. Mama alichelewa dukani, akafika watu wameshatoka makaburini. Siku ya hitima, marehemu akisomewa, mbele ya wanawake wote, mama mdogo alimuuliza, "Dada, ulikuwa wapi?" Sidhani kama alikuwa amewahi kumuuliza mtu swali gumu kama hilo maishani mwake. Mama, kwa kuwa hakuwa na jibu, akamjibu kwa kitu kingine. Alimwambia, "Na wewe usiye na mtoto, utazikwa na nani?"

Haya niliambiwa na waliokuwa mkekani. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Niliporudi niliwakuta hivyo, ndugu wawili katika mji mmoja. Kila Idi sahani ilitoka kwetu ikiwa imefunikwa kitambaa, ikaenda Pangani ikiwa na biriani, na haikurudi tupu. Ilirudi na visheti au kaimati. Sahani zilisemezana, wenyewe hawakusemezana.

Dada yangu alipochumbiwa, niliamua arusi ifanyike kwangu, Muthangari. Nilikuwa nimepanga nyumba yenye uwanja wa nyasi na ua wa michongoma, na nilitaka watu wa nyuma ya River Road waje waione. Mama alikuja kutazama. Aliuzunguka uwanja akiwa amekunja mikono, kama anayetafuta kasoro kwenye jora la kitambaa.

"Taarabu itatoka Mombasa," alisema. Hakuwa ananiuliza.

"Mama, ya nini kusumbua watu na treni? Nina mashine ya tepu. Nimejenga amplifaya kwa mikono yangu. Naweza kukuletea vikundi vitatu ndani ya boksi moja, na hakuna hata mmoja atakayeomba chai."

"Na hilo boksi lako, mtu akitaka kulituza, analituza wapi?"

"Halihitaji kutuzwa, mama. Ndiyo raha yake."

"Ndiyo raha yake," alirudia, akaangalia michongoma.

Kwa asiyezijua arusi zetu, nieleze. Mwimbaji wa taarabu anapoimba, mwanamke aliyeguswa na maneno huinuka kwenye kiti chake, hutembea kwa madaha mpaka mbele, na kumtuza mwimbaji noti mkononi, watu wote wakitazama. Halipi ujira. Anasema: maneno haya sasa ni yangu. Wanaojua mambo huanza kutazama huku na huku wamwone anayeambiwa, na mwenyewe anayetuza, akipenda, humgeukia huyo mtu hapohapo. Na yule naye, akiwa amekubali, huinuka akaja kutuza katika ubeti uleule, wakasimama bega kwa bega. Kwa njia hiyo nimeshuhudia, nikiwa mtoto kwenye mapaja ya mama mdogo, wake wenza wakimaliza ugomvi wa miaka bila kufungua kinywa. Hakuna aliyejishusha. Mwimbaji ndiye aliyejishusha kwa niaba yao.

Nilikuwa nayajua haya yote. Lakini kwa kukaa ng'ambo nilikuwa nimeanza kuyaona kama mapambo, kitu cha kuwasimulia marafiki wa Kizungu. Nilidhani mama anataka kikundi kwa ajili ya sifa.

Wiki iliyofuata alinijia dukani. Hakuwa amewahi kuingia. Aliketi kwenye kile kiti cha ngozi na buibui lake, mkoba magotini, akaniambia nimpigie nyimbo za kubembeleza nilizonazo. Nikampigia. Wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili akatikisa kichwa. Wa tatu ulikuwa wa mtu anayemwambia mwenzake kuwa ulimi ulimteleza na tangu hapo hajalala vizuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akataka tena.

"Huo," alisema. "Siku hiyo uupige."

"Nitaupiga."

"Mama mdogo wako akiwa ameshafika. Siyo kabla."

"Sawa, mama."

"Umenisikia? Siyo kabla."

Msomaji ameshaelewa. Mimi, mtaalamu wa kuwasoma watu, niliyemjua bibi wa Spring Valley kwa mbwa wake, nilidhani ni adabu tu: mgeni asikose wimbo mzuri. Na kwa kuwa nilitaka mama mdogo naye afurahi, nikarekodi wimbo wake palepale nyuma ya ule wa mama, bila hata nafasi ya kupumua katikati. Nilimchagulia kijembe kikali kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nilijua atakufa kwa kucheka.

Mchana wa arusi jua lilikuwa zuri. Wanawake walikaa uwanjani chini ya turubai, wanaume upande wa mbele wa nyumba. Kwa kuwa mitambo ilikuwa yangu, niliwekwa sebuleni nyuma ya pazia, mashine mezani, nikiona uwanja kwa upenyo wa dirisha. Pale ambapo wapigaji wangekaa niliweka spika kubwa niliyoijenga, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Na sauti, nasema kweli, ilikuwa safi kuliko sauti yoyote niliyowahi kuisikia Nairobi. Kila waya wa udi ulisikika peke yake. Jirani mmoja alikuja hadi sebuleni kunipongeza.

Lakini wanawake walikuwa wanazungumza tu. Walikula sambusa, wakaulizana habari za watoto, na muziki ukapita juu ya vichwa vyao. Hawakujua watazame wapi.

Mama mdogo alichelewa, akaketi nyuma kabisa karibu na michongoma. Dada yangu, aliyekuwa bado ndani akipambwa, alichungulia mlangoni. "Kaka, amefika," alinong'ona. "Mama anasema sasa." Nikaugeuza ukanda wa tepu mpaka pale wimbo wa mama ulipoanzia.

Ubeti wa kwanza ulipoanza, mama aliinuka.

Alikuwa na leso mkononi. Alitembea ile hatua ya arusini, ya mtu asiye na haraka, bega moja likitangulia, na wanawake wakaacha kuzungumza mmojammoja wakampisha njia. Sikuwahi kumwona mama yangu akitembea hivyo. Alifika mbele, akaikunjua leso, akatoa noti, akainua mkono. Mbele yake palikuwa na boksi la mbao.

Alisimama. Sauti ilikuwa inaomba msamaha kwa niaba yake, nzuri, safi, na haikuwa na mkono wa kupokea.

"Mtie mfukoni, bi mkubwa!" alipiga kelele shoga yake mmoja, mwanamke wa mizaha. "Au hana mfuko?"

"Mpe ya kulipia stima!" mwingine akadakia.

Turubai zima likacheka. Hakukuwa na ubaya ndani ya kicheko kile; ndivyo wanavyochekana arusini. Lakini mama hakuwa mtu wa kuchekwa. Angekuwepo mwimbaji, angeuona uso wake, angeurudia ubeti, angemshika mkono na kumpa muda wa kugeuka. Mashine yangu haikurudia. Ilikwenda kwa mwendo wake uleule, kwa usahihi niliokuwa nikijivunia.

"Nilikuja kutazama kama linapata moto," mama alisema, kwa sauti yake ya dukani. Akaikunja noti, akarudi kuketi bila kutazama nyuma. Vicheko vikaongezeka.

Kule kwenye michongoma, mama mdogo alikuwa ameinuka nusu. Nilimwona waziwazi. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye fundo la kanga, pale wanawake wanapofunga pesa, na macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa dada yake. Kisha wimbo ukaisha, na ukanda, bila kupumua, ukaingia kwenye kijembe. Kilikuwa kinamsema mwanamke anayejileta mahali asipoitwa.

Alikaa chini. Baada ya muda aliinuka tena, akaja ndani, akambusu bibi arusi kwenye paji la uso, akanishika shavu mimi niliyekuwa nimesimama na waya mkononi, akaondoka kabla ya pilau.

Siku ya tatu dada yangu alikuja na mumewe kutusalimu. Aliponipata peke yangu jikoni alinirukia.

"Kaka, ulimwekea Mamdogo kijembe watu wakiwa wanacheka?"

"Lakini anavipenda! Wewe mwenyewe unajua anavyovipenda."

"Anavipenda vikimpiga mtu mwingine."

Kisha akanieleza yale ya leso. Mama alikuwa amemwambia yeye peke yake, zamani, siku ileile posa ilipokubaliwa. Alikuwa akiingoja arusi hii kwa sababu arusi ndiyo mahali pekee ambapo mdogo wake asingeweza kukosa kuja.

Nikaenda Pangani. Mama mdogo alinipokea kwa mahamri na chai ya tangawizi kama zamani, akaniuliza habari za kazi.

"Ule wimbo wa pili niliuchagua mimi," nilimwambia. "Mama hakujua."

"Muziki tu huo, mwanangu. Kunywa chai."

"Na ule wa kwanza aliuchagua mama. Alikuja dukani kwa ajili yake. Alikuwa anakuambia wewe."

Aliipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Angekuwa ananiambia mimi angenitazama," alisema. "Nilimngoja anitazame." Niliona anadhani ninamfichia mama yangu aibu, kama mtoto yeyote anavyopaswa kufanya, na kwamba ananipenda kwa hilo.

Nikarudi kwa mama. Nilimkuta akipima kitambaa. Nilimwambia maneno yote, pamoja na yale ya mkono kwenye fundo la kanga.

"Alikuwa anakungoja umtazame," nilisema.

"Mimi nilikuwa namngoja mwimbaji."

"Basi twende. Gari liko hapo nje. Pangani si mbali."

"Niende nikaseme nini?"

"Useme… useme samahani, mama. Neno moja."

Alinitazama kama niliyemwambia apande juu ya paa. Hakukasirika. Alikuwa anatafuta, kweli alikuwa anatafuta, na nilimwona akikosa. Maneno yale hayakuwemo ndani yake. Alikuwa nayo kwenye wimbo tu.

Miaka ya sabini ilinifungulia milango. Niliacha kazi ya kuajiriwa, nikafungua kampuni yangu, nikafunga spika kwenye mahoteli, kwenye makanisa, kwenye misikiti, na ile nyumba ya Muthangari niliyokuwa nimeipanga nikainunua. Yule karani wa benki alikuja kununua redigramu kwangu, redio na santuri katika kabati moja. Alikuwa amepanda cheo, sauti bado ndogo. Safari hii nilimuuliza kwa nini anapenda makelele.

"Bwana, ofisini nanyamaza siku nzima," alisema. "Mkubwa akinitukana nanyamaza. Nikifika nyumbani, hiyo tarumbeta inamjibu."

Hayo ndiyo maelezo yote. Angenipa siku ya kwanza kama ningemuuliza. Mtu hapendi muziki unaofanana naye, au si siku zote. Hupenda unaomfanyia kazi ambayo tabia yake imeikataa. Mpole hutafuta wa kumsemea, na mwenye ulimi mkali hutafuta wa kumwombea radhi. Hali ya moyo ndiyo inayoamua siku gani ataukimbilia. Leo nikiwaeleza vijana niliowaajiri mambo haya, hunitazama kwa heshima kubwa, nami hupokea heshima hiyo, lakini sina raha nayo. Najua elimu hiyo niliipata wapi.

Mama mdogo alihamia Mombasa, kwenye nyumba ya marehemu bibi. Alisema baridi ya Nairobi inamla mifupa. Baada ya hapo hata sahani za Idi zilikoma, maana hakuna mtu anayebeba biriani kwa treni. Kila nilipokwenda pwani kwa kazi nilimtembelea, na kila niliporudi mama aliniuliza, akiwa ameshughulika na kitu kingine, "Wazima huko?" Nilimjibu kuwa wazima. Aliuliza hilo tu.

Siku habari ilipotufikia kwa simu kuwa amefariki, tuliondoka palepale kwa gari. Mama alikaa kando yangu. Nilitaka kufungua redio ya gari nikaona haifai. Tuliipita Mtito Andei, tukaipita Voi. Walitungoja mpaka alasiri, na sisi tukafika wakati jeneza linatolewa. Mama aliingia upande wa wanawake. Mimi nikafuatana na wanaume makaburini. Shehe alipouliza nani wa kumpokea kaburini, hakukuwa na mtoto wala ndugu wa kiume. Nikavua viatu, nikashuka mimi, nikampokea mikononi, nikamlaza. Alikuwa mwepesi.

Niliporudi nyumbani, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mikono yangu iliyojaa udongo.

"Umeshuka wewe?"

"Nimeshuka mimi."

Alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, akavuta buibui usoni, akarudi ndani kwenye mkeka. Wanawake walimpisha mahali. Alikaa hapo siku zote za matanga.

Nilimleta Muthangari akae nami kwa muda. Asubuhi moja, akiwa ameketi barazani anakunywa chai, nilimwambia kuwa nimezungumza na kile kikundi cha Mombasa kilichourekodi ule wimbo wake. Mwimbaji mwenyewe bado yuko na sauti yake bado ipo. Nitawaleta wote, hapa uwanjani, wamwimbie siku nzima, kwa gharama yangu.

Mama aliweka kikombe chini, akautazama uwanja ule wa nyasi hadi kwenye michongoma.

"Waje wamwimbie nani?" aliniuliza.